Sita au Nane

Siiambii mashine ifanye nini.
Hiyo ni kazi ya wenye haraka: chukua, peleka, rudi, hesabu tena.
Mimi huiambia yaliyopo, kisha nanyamaza,
nayo hujitafutia njia
kama maji yanavyoijua miteremko bila kufundishwa.

Niliandika:
gome la M ni halali ya mnunuzi
iwapo M umo katika shamba lililouzwa,
na iwapo miaka tisa imetimia tangu M uchunwe mara ya mwisho,
na iwapo haithibitiki kwamba M umetengwa.
M ni mti wowote. Herufi moja kubwa
ikabeba mialoni elfu mbili na mia tatu ya Alentejo
bila kupinda mgongo.

Nikaweka nukta. Nilijisifu, nisiseme uongo.
Wakili Falcato alikuwa na kurasa arobaini
zilizojaa "isipokuwa kama ilivyotajwa hapo juu";
mimi mistari kumi na saba, na hakuna cha hapo juu.

Agosti mosi, alfajiri, fedha zilihama zenyewe.
Hakuna aliyetia sahihi, hakuna aliyelamba bahasha.
Hermínio Borralho akapakia mashoka kwenye lori.

Saa nne asubuhi Belmira Rosado akaingia ofisini kwangu Évora,
kofia ya marehemu mumewe mkononi.
"Miti mitano ya kisimani haikuuzwa.
Walipeana mikono, yeye na Hermínio,
mimi nikiosha vikombe."

Nikaiuliza mashine: je, miti ya kisimani imetengwa?
Ikajibu: hapana.
"Imemuuliza nani?" akasema Belmira.

Haikumuuliza mtu.
Hapana yake si hapana ya shahidi aliyekuwepo.
Ni hapana ya karani aliyefungua droo, akaikuta tupu,
akatangaza kwamba kitu hicho hakijazaliwa.
Tuliilea hivyo sisi wenyewe: usichoweza kukithibitisha ni uongo.
Ni adabu nzuri kwa ratiba za treni.
Kwa wajane, sijui.

Hermínio alipopigiwa simu alisema, "Sikumbuki."
Sina kanuni ya sikumbuki.

Tukaenda kuona. Joto la nyuzi arobaini, vumbi mpaka kwenye meno.
Huku mwaloni ukishavuliwa gome hupakwa tarakimu nyeupe,
ile ya mwisho ya mwaka wake,
ili kila mpitaji ajue lini utaruhusiwa kuvuliwa tena.
Minne ilikwisha kuwa uchi,
myekundu kama goti lililochubuka.
Kwenye wa tano shoka lilikuwa limesimama.

Tarakimu ile mvua imeila nusu.
Ikiwa sita, miaka tisa imetimia.
Ikiwa nane, sheria haitaki hata kucha iuguse.
Katika orodha yangu: sita.
Niliiingiza mwenyewe mwezi Machi, kutoka kwenye picha ya simu,
huku nikila mkate wenye jibini.

Belmira akasema nane.
Hermínio akasema sita, akauzunguka mti,
akasema, labda nane.
Nikapitisha kidole juu ya rangi. Kidole hakina macho.

Usiku nimeifungua tena ile mistari kumi na saba.
Kati ya ndiyo na hapana kuna neno
ambalo kila mama hulitoa bila kugeuka
mtoto akiuliza kama supu imeiva,
na sikuwahi kuifundisha mashine neno hilo
kwa sababu halikuwa na mahali pa kukaa.

Fedha za mti wa tano nimezirudisha katikati,
yuro mia moja na kumi na mbili,
si za huyu wala za yule.
Kwa ile minne sina la kuandika;
gome halirudi mtini kwa kufuta mstari.

Nimeandika: bado
na sikuweka nukta.
Kishale kinapepesa, kinaingoja.